Shauri la Moyo au Shauri la Ubongo?

Shauri Moyo ni jina ambalo watu wa Nairobi hulitamka kila siku wakidandia matatu, bila kulifikiria. Sisi tuliozoea kuyapima maneno hatuwezi kulipita hivi hivi. Mtaa wenyewe ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipokibomoa kijiji cha Pangani na kuwahamisha wenyeji wake, ambao wengi walikuwa Waislamu wa mjini wenye kusema Kiswahili. Watu waliovunjiwa nyumba ndio walioletwa kukaa mahali paitwapo Shauri Moyo. Aliyelitunga jina hilo, awe nani, alijua kuwa binadamu akifikwa na jambo zito huenda kutaka shauri kwa moyo wake kabla hajaenda kwa mtu mwingine yeyote.

Lugha yetu imejaa mambo haya. Mwenye hofu, moyo wamwenda mbio. Mwenye wasiwasi ana tumbo joto. Habari mbaya humkata mtu maini. Aliyekasirika damu humchemka, na akizidi mori humpanda. Hatusemi kamwe kuwa bongo la fulani limevunjika kwa huzuni. Twasema moyo wake. Basi siku hizi vijana wetu waliosoma hutucheka. Hutuambia kwamba moyo ni pampu ya kusukuma damu, hauna shauri wala siri, na kwamba kila tunalolitenda hutoka kichwani, katika ubongo, kwa njia ya mishipa ya fahamu na hizo dawa za mwilini ziitwazo homoni. Mzee akae na moyo wake, wao wakae na sayansi.

Kwa hakika sina ugomvi na sayansi. Ugomvi wangu ni na mtu anayesoma nusu ya ukurasa kisha akafunga kitabu. Kwani ni nani aliyewafundisha mabingwa kuwa neva huzungumza kwa kemikali? Ni moyo. Mwaka 1921, katika mji wa Graz huko Austria, tabibu mmoja jina lake Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura, ikiwa bado yapiga, akaiweka katika maji ya chumvi. Akausisimua kwa umeme mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza, na moyo ule ukapunguza mwendo. Kisha akayachota yale maji akayatia kwenye moyo wa pili, ambao haukuguswa na umeme wowote. Nao ukapunguza mwendo. Ikabainika kuwa neva humwaga kitu ndani ya maji, na kitu hicho ndicho kinachopeleka amri. Loewi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936 pamoja na Mwingereza Henry Dale. Nasi twaambiwa moyo hauna habari!

Mshipa huo wa fahamu aliouchezea Loewi waitwa vagasi. Huanzia chini ya ubongo, ukateremka shingoni, ukapita kwenye moyo na mapafu hadi kwenye matumbo. Mtu hudhani kazi yake ni kuteremsha amri kutoka juu. La hasha! Katika kila nyuzi 100 za mshipa huo, kiasi cha 80 hupandisha habari kutoka viungoni kwenda ubongoni. Ubongo ni kama liwali aliyekaa barazani: hutoa amri, ndiyo, lakini kutwa nzima anasikiliza taarifa za matumbo, za mapafu na za moyo, kisha ndipo akaamua aogope au atulie. Kwa hiyo aliyesema moyo hutoa shauri hakukosea sana. Shauri hutolewa moyoni likakatwa ubongoni.

Sasa hebu tutoke kwa vyura tuingie sokoni. Mchukue hamali wa mkokoteni anayetoka Gikomba na marobota ya mitumba, anakata kona, na ghafla lori linampigia honi mgongoni. Kabla hajajua ni lori au ni radi, kipande kidogo cha ubongo, kama ukubwa wa lozi, kimekwisha kupiga mbiu. Mbiu hushuka kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya mafigo, nazo humwaga adrenalini katika damu. Moyo unadunda, mboni za macho zinapanuka, mate yanakauka, damu inaliacha tumbo na kukimbilia miguuni. Ini nalo hufungua ghala na kuitoa sukari iliyowekwa akiba, ili misuli ipate nguvu ya kuruka. (Tazama, hata ini lina sehemu yake, na wazee walilitaja bila kuwa na darubini.) Yote haya huchukua sekunde chache. Hamali ameshakwepa, amesimama kando ya njia anatukana, na mikono yamtetemeka. Akili yake inafika mwisho, kama polisi wa sinema, mambo yakiwa yamekwisha.

Homoni ya pili, kotisoli, haina pupa. Huja baada ya dakika kadhaa na hukawia kuondoka. Si adui yetu, maana ndiyo inayotuinua kitandani alfajiri, na bila ya hiyo mtu hawezi hata kusimama na ugonjwa mdogo. Ubaya ni pale inapokosa nafasi ya kushuka. Mwili uliopangwa upate hofu ya dakika tano kisha upumzike, ukipewa hofu ya miaka mitano, huanza kuharibika. Shinikizo la damu hupanda. Usingizi hukatika. Ile sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu hunyauka, na ile lozi ya mbiu huzidi kuwa kali, ikawa yapiga kelele hata kwa jambo dogo. Na sehemu ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kutuambia "ngoja kwanza", hulegea. Ndipo utamwona mtu mzima anapigana kwa shilingi kumi za nauli.

Na haya twayaona Shauri Moyo bila ya darubini. Upande mmoja ni mafundi wa jua kali wa Kamukunji, wale Rais Moi aliowatembelea mwaka 1985 akawaahidi vibanda. Nyundo zao hulia tangu asubuhi, bati likigeuzwa karai, sanduku la mwanafunzi na jiko la makaa. Ni kazi ya halali, nami huipenda sauti yake kwa muda wa robo saa. Upande wa pili ni Barabara ya Jogoo na honi zake. Katikati ni vyumba ambamo baba, mama na watoto hulala pamoja, na ukuta ni mwembamba kiasi kwamba jirani akikohoa wewe ndiye unayesema pole. Usiku nyundo zikinyamaza, spika za baa zinaamka. Ongeza kodi ya mwisho wa mwezi, ongeza askari wa kanjo kwa mchuuzi, ongeza polisi kwa kijana aliyesimama kona na wenzake. Mbiu haishi kupigwa.

Halafu twakaa kwenye viti vya vinyozi tunasema: vijana wa Eastlands, damu yao ndivyo ilivyo. Nimeyasikia maneno haya kwa wazee, kwa walimu, hata kwa watu wa dini, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Maana maneno haya si mapya hapa Nairobi. Yamewahi kuandikwa kwa wino wa kitaalamu, tena hapa hapa, na waliosemwa walikuwa baba zetu sote.

Katika miaka ya 1930 palikuwa na Dakta H. L. Gordon, aliyekuwa akiiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alikuwa akipima vichwa vya Waafrika ili aonyeshe kuwa ubongo wao ni pungufu. Mwenzake, Dakta F. W. Vint wa maabara ya serikali hapa Nairobi, alichukua ubongo wa maiti 100 za wanaume Waafrika, akaupima unene wa gamba lake la juu, na mwaka 1934 akaandika katika jarida la Uingereza kwamba gamba hilo ni jembamba kuliko la Mzungu kwa kiasi cha asilimia 15. Leo hakuna tabibu mwenye heshima zake anayepima akili ya mtu kwa njia hiyo. Lakini wakati ule walowezi walilifurahia neno hilo. Kama kichwa cha mtu hakina nafasi, kwa nini umjengee shule?

Baada yao akaja Dakta J. C. Carothers, aliyeshika Mathari kutoka mwaka 1938 hadi 1950, na ambaye alipopewa kazi hiyo hakuwa amesomea maradhi ya akili. Mwaka 1951 aliandika kuwa Mwafrika haitumii vyema sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamlinganisha na Mzungu aliyekatwa neva za sehemu hiyo kwa upasuaji. Haya si maneno ya mlevi kilabuni. Mwaka 1953 Shirika la Afya Ulimwenguni lilimchapishia kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika. Kisha vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, serikali ikamtaka aeleze kwa nini watu wanapigana, na mwaka 1954 mpigachapa wa serikali akatoa kijitabu chake juu ya saikolojia ya Mau Mau. Humo mlikuwa na maneno mengi juu ya tabia ya Wakikuyu, hofu zao na usiri wao. Ardhi iliyochukuliwa ilipewa nafasi ndogo. Mwaka huo huo, tarehe 24 Aprili, majeshi yaliuzingira mji wa Nairobi, yakaipitia mitaa ya Waafrika nyumba kwa nyumba, na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakachujwa na kupelekwa kambini.

Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa wagonjwa wa akili kule Algeria, alimjibu Carothers katika kitabu chake cha mwaka 1961, wala sina haja ya kurudia hoja zake. Langu ni hili moja. Kusema kwamba ubongo huongoza tabia si kosa. Ni kweli tupu. Kosa la hao mabwana ni kuufungua ubongo wakasahau kufungua dirisha. Walimwona mtu aliyenyang'anywa shamba, aliyebeba kipande shingoni na kulala kwenye chumba cha kukodi Pumwani, wakaitafuta sababu ya hasira yake ndani ya fuvu. Nasi leo tukisema "damu yao ndivyo ilivyo" twarudia kazi ya Carothers bila hata kulipwa mshahara wake.

Sasa nitawapeleka Maasai Mara, na mniwie radhi kwa safari hii, kwani sijui ushahidi bora kuliko huu katika nchi yetu. Kuanzia mwaka 1978 Mmarekani Robert Sapolsky alikuwa akija kila mwaka kuwatazama nyani. Akiwapiga mshale wa dawa ya usingizi, akiwatoa damu na kupima homoni zao. Aliona kuwa katika kundi lenye ngazi zilizotulia, dume wa chini, yule anayepokonywa chakula na kuumwa bila sababu, ndiye mwenye kotisoli iliyopanda hata akiwa amekaa kivulini. Lakini ngazi zikivurugika, wakubwa wakiwa wanapinduana, ni wakubwa hao ndio wanaoungua kwa homoni hiyo. Kwa hiyo homoni hufuata hali ya maisha, na hali ikibadilika nayo hubadilika.

Kuna lililo la ajabu zaidi. Karibu na kundi lake moja palikuwa na hoteli ya watalii na jalala lake. Madume wakali, wasioogopa kupigana, walikuwa wakienda kila asubuhi kugombea mabaki. Kati ya miaka ya 1983 na 1986 nyama yenye kifua kikuu ilitupwa jalalani, na madume hao wote waliokula pale wakafa, karibu nusu ya madume wa kundi. Wakabaki majike na madume wapole. Vita vikapungua, wakubwa wakaacha kuwaonea wadogo sana, na wale wa chini hawakuonekana tena na dalili za kuungua kwa kotisoli. Sasa, nyani dume akibaleghe huhama kundi alilozaliwa. Miaka kumi baadaye hakubaki dume hata mmoja wa zamani. Wote walikuwa wageni waliotoka makundi makali. Na bado kundi lilikuwa na upole ule ule. Wageni walipokewa kwa utaratibu, na baada ya miezi kadhaa wakawa kama wenyeji. Sapolsky na mwenzake Lisa Share waliyaandika haya mwaka 2004. Testosteroni ya wageni haikuwa imebadilishwa na mtu. Kilichobadilika ni nyumba waliyoingia.

Najua kuna msomaji atakayeniandikia barua kwamba binadamu si nyani. Nakubali kabla hajanunua stempu. Lakini kama nyani ameweza kujifunza upole kwa miezi kadhaa, ni aibu kusema kijana wa Shauri Moyo hawezi.

Hapo hapo yafaa nizibe mlango wa nyuma, kwa kuwa wako watakaopitia. Yuko mume anayempiga mkewe, na akiulizwa hujibu kwamba hasira ilimpanda, hakujijua. Mumpeleke kwa homoni zake, sivyo? Ngoja. Mtu huyo huyo asubuhi yake alitukanwa na msimamizi wa kazi mbele ya wenzake. Adrenalini ilimjaa vile vile, damu ikamchemka, na mkono wake haukuinuka. Breki zilikuwapo na zilifanya kazi. Alichofanya ni kuibeba ile hasira kutwa nzima, akaipandisha matatu, akaiteremsha nyumbani kwa mtu asiyeweza kumfukuza kazi. Hata nyani wa Mara hufanya hivyo: dume akishindwa na mkubwa humgeukia mdogo akamng'ata. Homoni zinaeleza kwa nini moyo ulidunda. Hazielezi kwa nini aliyepigwa ni mke na si msimamizi.

Chuoni tulifundishwa na mwalimu wetu mafunzo ya Mtume, kwamba mwenye ghadhabu akiwa amesimama na akae, na isipomtoka na alale. Tulidhani ni adabu tu. Leo matabibu wanajua kwamba mtu akisimama, kemikali ya neva zile za kupigia mbiu hupanda katika damu, na akilala hushuka. Na pumzi ikivutwa polepole na kutolewa polepole zaidi, vagasi, yule yule wa vyura wa Loewi, huupunguza mwendo wa moyo. Nyundo ikilia unaweza kukosa kuizuia, lakini kiti cha kukaa huwa hakikosekani.

Walakini sitaki kuwaacha vijana na kiti peke yake. Ile sehemu ya ubongo nyuma ya paji, mwenye kusema "ngoja kwanza", ndiyo ya mwisho kukomaa. Hukamilika mtu akiwa na miaka ishirini na kitu. Kijana wa miaka 17 ana injini ya lori na breki za baiskeli. Yeye ndiye anayehitaji usingizi kuliko sisi wazee, na ndiye anayenyimwa. Usiku spika zinamkesha, alfajiri anatakiwa darasani, na kati ya hapo anatafuna muguka ili macho yasifumbe. Muguka na miraa huuchochea ubongo umwage kemikali za furaha na za kukesha, kisha zikiisha humwacha mtu mkavu na mwenye chuki. Mwalimu anayemkuta hivyo humwandika mtundu, na polisi humwandika mshukiwa.

Kanuni za nchi za kuzuia kelele zimekuwapo tangu mwaka 2009. Zinataja maeneo ya makazi, zinataja usiku na mchana, zinataja faini. Ningependa diwani na wakubwa wa kaunti wafike Shauri Moyo saa sita za usiku, siku ya Ijumaa, wakae chumbani kwa mpangaji mmoja mlango ukiwa umefungwa, wasikilize kwa saa moja tu, kisha wateremke ngazi wakaulize leseni ya ile baa ilitolewa na nani.